Simama Kaskazini mwa Reli

Picha ya treni huamuliwa kabla treni yenyewe haijatokea. Inaamuliwa na mahali uliposimama na upande lilipo jua. Reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro imelala mashariki-magharibi, na Morogoro iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Kwa hiyo Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita kusini. Ukienda Julai, ubavu wa treni unaotazama kaskazini unapata mwanga kutwa. Ule wa pili uko kivulini. Milima ya Uluguru nayo iko kusini. Simama kaskazini mwa reli, jua likiwa mgongoni, na mabehewa na mlima vitaingia katika picha moja, vyote vikiwa na nuru. Simama hapo hapo Desemba adhuhuri, na unapiga kulielekea jua.

Ndiyo maana mpwa wangu, anayesoma Morogoro, nilimtoa likizo ya Juni. Tuliwahi Kihonda, mjini Morogoro, asubuhi, nje ya uzio wa reli, kwa kuwa Uluguru hupenda kujifunika mawingu baadaye. Uzio ule si wa kuchezea: waya zilizo juu ya reli zina umeme wa volti 25,000, hivyo fimbo ya kupigia selfi ibaki nyumbani.

Safari za abiria zilianza Juni 2024, na njia imejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Hiyo ni mita 44 kwa sekunde. Shata ya kamera ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde, treni inasogea sentimita 4 hivi, na picha inatoka safi. Kwa 1/60 inasogea karibu robo tatu ya mita. Maandishi ya ubavuni hayasomeki tena. Karibu na stesheni mwendo hupungua, na 1/500 inatosha.

Treni ya umeme haingurumi kama ya dizeli, kwa hiyo kwenda wawili kuna faida kubwa: mmoja anaangalia njia, mwingine macho yake yako kwenye kamera.

“Mjomba, mchongoko huo!” mpwa wangu alipaza sauti, akiitaja treni kwa jina lake la utani. Akainua simu, akaifuata treni mpaka ikapotea. Kisha akaniletea picha. “Mbona nguzo zimelala?”

Lilikuwa swali zuri sana. Simu nyingi haziipokei picha yote kwa mpigo. Huisoma mstari kwa mstari, toka juu hadi chini. Yeye alikuwa akiigeuza simu, hivyo mistari ya chini iliposomwa, nguzo zilikuwa zimeshahama kwenye fremu. Angeishika bila kuitikisa, nguzo zingesimama wima na treni ndiyo ingeinama. Kupunguza hilo, ipige treni ikikujia kwa mshazari, isiwe inakukatiza mbele.

Jioni tulihamia reli ya zamani, ile ya upana wa mita 1 iliyofika Morogoro mwaka 1907. Treni zake zinakwenda taratibu, na hapo ndipo pa kujifunzia kuifuata treni kwa kamera: nyayo zisibanduke, kiuno ndicho kigeuke, na uendelee kugeuka hata baada ya kubonyeza. Hapo 1/60 inafaa kabisa, maana kichwa cha treni kinabaki kimetulia na nyasi za nyuma zinageuka michirizi.