Saa inayosema kwa maneno: tuijenge kwa Kiswahili chetu

Uliza watu wawili wa nyumba yako: «Saa mbili ni wakati gani?» Nkambo atakujibu kwamba ni asubuhi, jua limekwisha kupanda. Kijana wa masomo anaweza kukujibu kwamba ni nyuma ya chakula cha mchana, juu ya «deux heures» anayoisikia kila siku. Kati yao kuna masaa 6 nzima. Kama ni mambo ya kupiga hodi kwa jirani, si kitu. Lakini kama ni dawa ya mtoto mwenye homa, ao baba anayepaswa kuingia posti ya usiku, hapo ni neno kubwa.

Ndiyo sababu tunapenda kuwaeleza juu ya saa isiyo na mishale wala tarakimu. Mwaka 2009 Wajerumani wawili, Marco Biegert na Andreas Funk, walianza kuuza saa ya namna hiyo, jina lake QLOCKTWO: ubao wa herufi 110, na taa nyuma yake zinazowasha maneno ya wakati ule tu. Bei yake si ya mfuko wetu. Lakini kijana mwenye mikono mizuri anaweza kujenga yake mu nyumba.

Usinakili ubao wa Wazungu. Kila lugha iko na njia yake. Mjerumani akitaka kusema 7h30 anasema «nusu ya nane», maana amefika nusu ya njia ya kwenda nane. Sisi tunasema kwanza saa, kisha dakika, mwishoni sehemu ya siku. Basi andika maneno kwa utaratibu huu:

SAA – KUMI – NA – MOJA – MBILI – TATU – NNE – TANO – SITA – SABA – NANE – TISA – NA – KASORO – ROBO – NUSU – DAKIKA – ISHIRINI – KUMI – NA – TANO – ASUBUHI – MCHANA – JIONI – USIKU

Unaona akili yake? KUMI na NA zimewekwa mbele ya MOJA, basi «kumi na moja» na «kumi na mbili» zinasomeka bila kuongeza neno. (Kama kwenu munasema MAGARIBI, mutie hiyo pahali pa JIONI, saa ni yenu.) SAA inawaka sikuzote. Yanabaki maneno 24 ya kuongoza.

Mwenye kuongoza ni mikrokontrola, ndiyo ordinatere ndogo sana ndani ya chipu moja. ATmega328P, ile ya Arduino, inatosha kabisa. Haina miguu ya kutosha kwa maneno 24, lakini chipu 74HC595 inatoa njia 8, na tatu zikifuatana zinatoa 24, zote kwa nyuzi 3 tu kutoka kwa mikrokontrola. Chipu hiyo haiwezi kubeba taa zote za ISHIRINI, herufi nane! Nyuma ya kila moja weka ULN2803, yenye transista za njia 8. Kila taa ipate rezistansi yake ya ohm 330 kama unatumia kurani ya volti 5. Nyuzi ni za shaba, na shaba tunaijua.

Sasa kurani ikikatika? Mikrokontrola peke yake inasahau wakati. Nunua chipu ya saa DS3231 pamoja na batri ya duara CR2032. Hiyo inaendelea kuhesabu gizani, na kosa lake ni karibu dakika 1 kwa mwaka. Ya bei ndogo, DS1307, inaweza kupotea dakika nyingi. Hapa usibanie pesa.

Kazi yenyewe iko ndani ya programu. DS3231 inahesabu kwa Kifaransa, 0 mpaka 23. Kwanza tazama dakika: zikifika 35, ongeza saa moja, kwa kuwa sasa tunasema «kasoro». Kisha toa 6. Ukipata 0 ao chini yake, ongeza 12. Ukipita 12, toa 12. Basi 7h inakuwa saa moja, 14h inakuwa saa nane, 0h inakuwa saa sita ya usiku.

Bado kuna neno ambalo chipu haiwezi kuamua: mchana unaanza wakati gani? Usiku je? Kaeni pamoja, nkambo awe katikati, muandike mipaka kwenye karatasi mbele ya kuandika programu. Na ile sehemu ya siku ifuate saa ya kweli, si ile iliyoongezwa kwa ajili ya «kasoro».

Mbele ya kufunga sanduku, igeuze saa mpaka 6h35 na usome. Inapaswa kuandika: SAA MOJA KASORO DAKIKA ISHIRINI NA TANO ASUBUHI. Jaribu tena 12h35, 18h35 na 23h55. Ikiandika vizuri zote nne, itundike ukutani karibu na pahali dawa zinapowekwa.