Kompyuta ya michezo: Usibane fedha kwenye pawa saplai

WANUNUZI wengi wa kompyuta ya michezo ya bei ya kati humalizia fedha kwenye prosesa, ilhali ulaini wa picha hutegemea zaidi kadi ya picha. Ryzen 5 7600 iliyotolewa na AMD mwaka 2023 inatosha. Fungu kubwa liende kwenye kadi. GeForce RTX 4060 ya mwaka huohuo hutumia wati 115 tu.

Prosesa hiyo hukubali memori ya DDR5 pekee, hivyo DDR4 ya bei nafuu haitaingia.

Hatari kubwa imo kwenye pawa saplai. Zile zisizo na jina, ziuzwazo pamoja na kasha, nyingine hazifikishi wati zilizoandikwa ubavuni, na zikiungua huweza kuondoka na kadi. Wati 550 za mtengenezaji anayeaminika zinatosha.