Uhasama wa Wanafunzi katika Shule ya Ajabu: Ged na Jasper katika Riwaya ya A Wizard of Earthsea

Utangulizi

Wakati mmoja nilisahihisha insha ya mwanafunzi wa kidato cha tatu iliyonitatiza. Methali aliyopewa ilikuwa "Mwenye nguvu mpishe." Yeye akasimulia kisa cha wavulana wawili katika shule ambamo watoto hufunzwa kuita upepo na mvua. Nilimpa alama za chini na kuandika pambizoni, "Haya hayatendeki." Alipokuja ofisini aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, na Fumo Liyongo je? Mbona yeye tunamsoma?" Sikuwa na jibu. Baadaye nilitambua kwamba wavulana wale wa insha walikuwa yeye mwenyewe na mwenzake wa dawati la pili. Walikuwa wakigombea nafasi ya kwanza tangu kidato cha kwanza, na kufikia muhula ule hawakuwa wakiamkuana. Mtoto alikuwa ameniambia jambo zito, nami nikamsahihisha upepo na mvua.

Makala haya yananuia kuonyesha jinsi uhasama wa wanafunzi unavyoweza kuhakikiwa katika riwaya ya kifantasia. Tutatumia A Wizard of Earthsea, riwaya ya Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mwaka wa 1929 na kufariki mwaka wa 2018. Riwaya hii ilichapishwa mwaka wa 1968. Si kitabu teule, lakini mgogoro wake umesukwa kwa uwazi kiasi kwamba mtahiniwa akiumudu hatashindwa na mgogoro wowote katika vitabu vyake.

Istilahi mbili za kutenganishwa

Kwanza, fantasia. Hii ni kazi ya kubuni ambayo ulimwengu wake una kanuni zisizopatikana katika maisha ya kawaida, ilhali zinatii mantiki ya ndani ya kazi yenyewe. Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa jambo hili. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mtu aliyehukumiwa kufa anarushwa angani na kutua katika nchi nyingine kabisa. Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila nayo inamtembeza mhusika katika ulimwengu usio wa kawaida. Hakuna anayeuliza kama safari hizo zilitendeka. Tunachouliza ni zinasema nini kuhusu sisi.

Pili, ushindani na uhasama. Watahiniwa wengi huyatumia maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja. Ushindani huelekezwa kwenye tuzo. Uhasama huelekezwa kwa mtu. Mshindani akishindwa hujiandaa upya. Hasimu hata akishinda hatulii, kwa sababu yule mwingine bado yupo. Riwaya hii inaonyesha jinsi la kwanza linavyogeuka kuwa la pili.

Muhtasari

Ged anazaliwa katika kijiji cha milimani kwenye kisiwa cha Gont. Mamaye anafariki angali mchanga, na babaye ni mhunzi asiyekuwa na maneno mengi. Mvulana huyu anachunga mbuzi. Shangazi yake anagundua kuwa ana kipawa na kumfunza machache anayoyajua. Kwa kuwa ndege wawindaji humjia akiwaita, watoto wenzake wanampa lakabu ya kipanga. Akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu anachukuliwa na Ogion, mjuzi mkimya anayetaka kumfunza subira. Ged hana subira. Anachagua kwenda Roke, kisiwa chenye shule ya wenye vipawa inayoongozwa na Mjuzi Mkuu pamoja na walimu tisa.

Huko anakutana na Jasper, kijana aliyemtangulia shuleni, na Vetch, kijana mpole kutoka visiwa vya mashariki. Uhasama kati ya Ged na Jasper unakua hadi usiku mmoja Ged anapojaribu kumwita mfu ili athibitishe uwezo wake. Badala yake anafungua ufa unaotoa kivuli chenye kucha kinachomrarua uso. Mjuzi Mkuu, Nemmerle, anauziba ufa ule na kupoteza maisha yake. Sehemu iliyobaki ya riwaya ni mbio za Ged na kivuli hicho baharini.

Chimbuko la uhasama

Chanzo cha kwanza ni tofauti za kitabaka. Wanapokutana mara ya kwanza, Jasper anajitambulisha kwa jina, kwa jina la babaye na kwa milki ya ukoo wake katika kisiwa cha Havnor. Kisha anangoja. Ged hana la kutaja ila lakabu yake. Kimya hicho kifupi ndicho mbegu ya mgogoro mzima. Hakuna tusi lililotolewa, lakini mchunga mbuzi ameshapimwa na, kwa hisia zake, amepungua.

Chanzo cha pili ni majivuno ya Ged mwenyewe. Mwalimu awahimize wanafunzi wachunguze usimulizi hapa. Riwaya imesimuliwa katika nafsi ya tatu, lakini msimulizi amesimama karibu sana na Ged. Tunamwona Jasper kwa macho ya mtu aliyekwisha kuudhika. Je, Jasper anamdharau kweli katika kurasa za mwanzo, au adabu zake za kikwao zinasomwa kama kejeli? Matini haitoi jibu la moja kwa moja. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba "Jasper ni mwenye dharau" ameikubali hukumu ya Ged bila kuihakiki.

Chanzo cha tatu ni watazamaji. Katika sherehe moja, mtawala wa kisiwa cha O anaitembelea shule pamoja na mkewe. Jasper anaonyesha ufundi wake wa viini macho, na bibi yule anamsifu na kumkaribisha kwao. Ged anayatazama hayo moyo ukimchoma. Sifa anazopewa mwenzake anaziona kama kitu alichoibiwa yeye. Ndivyo kijicho kinavyofanya kazi: hakidai kuwa nacho tu, kinataka mwingine asiwe nacho.

Ukuaji na kilele cha mgogoro

Ged ana akili nyepesi kuliko wenzake wote. Anaongezewa mafunzo upesi, na anakaa karibu mwaka mzima katika mnara wa mbali akijifunza majina halisi ya vitu, kwa maana katika ulimwengu huu anayejua jina la kitu ana uwezo juu yake. Lakini kila anachojifunza anakipima kwa Jasper. Mwalimu wa viini macho anamwonya kwamba hata kugeuza kokoto moja kuwa kitu kingine kunagusa mizani ya ulimwengu. Ged anasikia, lakini haelewi, kwa sababu hajali mizani. Anajali nani ataonekana mkubwa.

Kilele kinafika wakati Jasper amekwisha kupandishwa daraja na Ged bado. Maneno makali yanapita baina yao, na Jasper anamkumbusha asili yake ya uchungaji. Vetch anajaribu kuwatuliza bila mafanikio. Wanatoka usiku hadi kwenye kilima cha Roke, wanafunzi wengine wakiwafuata. Ged anamtaka Jasper ataje jambo lolote, naye atalitenda. Jasper anataja kumwita mfu. Ged anamwita Elfarran, mwanamke mashuhuri aliyekufa karne nyingi zilizopita.

Tuzingatie mgawanyo wa lawama hapa. Jasper ndiye aliyetaja jambo lile, lakini Ged ndiye aliyedai litajwe. Uhasama ni ngoma ya watu wawili.

Dhima ya wahusika

Jasper ni mhusika mpinzani, lakini si adui mkuu wa riwaya. Dhima yake ni kummulika Ged: tunauona udhaifu wa mhusika mkuu kupitia mambo yanayomuudhi. Baada ya usiku ule mwandishi anamwondoa kabisa. Msomaji anasikia baadaye, kwa sentensi chache tu kutoka kwa Vetch, kwamba Jasper aliondoka Roke bila kuipata fimbo ya ujuzi, akaenda kutumikia katika nyumba ya mtawala wa O. Hiki ni kinaya kikubwa. Sifa zilizomchoma Ged ndizo zilizomfikisha Jasper kwenye utumishi mdogo, na mtu ambaye Ged alikuwa tayari kufungua mlango wa mauti kwa ajili yake hana uzito wowote katika maisha yake ya baadaye.

Vetch naye anatumiwa kama ulinganuzi. Ana kipawa, anapanda daraja na anaipata fimbo, lakini hampimi mtu. Ged anapotengwa baada ya kupona majeraha yake kwa miezi mingi, Vetch anamwambia jina lake halisi, Estarriol. Katika ulimwengu ambamo jina ni uhai, hii ni sawa na kumkabidhi mtu shingo yako. Urafiki basi unawekwa mkabala na uhasama: huu unataka kuficha udhaifu, ule unauweka wazi.

Walimu wa Roke hawana budi kujadiliwa pia. Ni wajuzi na wana upendo, lakini uhasama ulikua mbele ya macho yao kwa muda mrefu. Aliyeulipia ni mkuu wao, kwa uhai wake. Ndugu mwalimu, hoja hii inatuhusu.

Mbinu za kisanaa

Ishara: Kivuli ndicho ishara kuu. Mwishoni Ged anakikabili kivuli mbali baharini na kukiita kwa jina lake mwenyewe, Ged. Hasimu wa kweli alikuwa ndani. Mgogoro wa nje ulikuwa pazia la mgogoro wa nafsi.

Kidokezo: Kabla ya kwenda Roke, Ged alisoma maneno ya kuwaita wafu katika kitabu cha Ogion baada ya kuchokozwa na msichana. Giza lilijitokeza mlangoni. Tukio la kilimani linarudia kosa lile kwa ukubwa zaidi.

Majazi: Jahazi linalompeleka Roke linaitwa Kivuli. Anasafiri ndani ya jina la kitu kitakachomwandama.

Tahadhari ya lugha

Mwalimu anayeijadili riwaya hii kwa Kiswahili atajikwaa kwenye neno "mchawi." Katika lugha yetu mchawi ni mwenye kudhuru, naye mganga ni mwenye kuponya. Mwanafunzi wa Roke si huyu wala yule. Ukisema "shule ya wachawi," darasa litacheka na mzazi atalalamika, na wote watakuwa wameikosa maana. Ndiyo sababu tumetumia "mjuzi" na "wenye vipawa."

Ulinganisho mfupi

Wengi watakuwa wameisikia shule ya Hogwarts katika riwaya za J. K. Rowling, ambazo ya kwanza ilichapishwa mwaka wa 1997. Huko uhasama wa Harry Potter na Draco Malfoy unachochewa na mfumo wa shule: wanafunzi wamegawanywa katika mabweni manne yanayotunukiwa na kupokonywa alama mwaka mzima. Draco anautoa mkono wa urafiki mapema, nao unakataliwa kwa kuwa amemdharau Ron. Roke haina mabweni ya kushindana. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi: uhasama huanzia katika mfumo, au moyoni? Mhakiki wa Kiafrika ataongeza mfano wa Liyongo, ambaye mfalme wa Pate alimwonea gere hadi akamtumia mwanawe kumwua. Huko uhasama unaanzia kwenye kiti cha enzi.

Ushauri kwa mtahiniwa

Ukiulizwa kuhusu uhasama katika kazi yoyote, fuata hatua hizi. Taja chanzo, onyesha ukuaji kwa matukio mahususi, tambua kilele, eleza athari kwa wahusika wote, si wawili tu, kisha uonyeshe jinsi mgogoro unavyosuluhishwa au unavyoachwa. Usisimulie hadithi nzima. Kila tukio unalolitaja lithibitishe hoja.

Maswali ya marudio

1. "Jasper si adui wa Ged." Jadili kauli hii.
2. Linganisha na ulinganue Jasper na Vetch.
3. Eleza jinsi mtazamo wa msimulizi unavyoathiri hukumu ya msomaji kuhusu Jasper.
4. Fafanua dhima ya kivuli katika kuendeleza maudhui.
5. Walimu wa Roke wanabeba lawama gani? Tetea jibu lako.

Hitimisho

Fantasia haimwondoi mwanafunzi shuleni mwake. Humrudisha kwa njia ya mbali ili aione vizuri. Baada ya kuisoma riwaya hii nilimwita yule mwanafunzi wangu, nikaisahihisha upya insha yake. Kisha nikamwambia aketi na mwenzake wa dawati la pili, wasomeane insha zao. Sikuwaeleza sababu. Waliketi kimya kwa muda, halafu mmoja akaanza kusoma.