Umepima? Basi Sema

Rasimu yangu ya kwanza kuhusu udongo wa Lushoto ilisema: "Inaonekana huenda matuta yakaweza kupunguza mmomonyoko kwa kiasi fulani." Msimamizi akaniuliza swali moja tu: "Umepima au hujapima?"

Nilipima. Basi nikaandika: "Katika mashamba niliyopima, msimu mmoja wa mvua, matuta yalipunguza udongo uliosombwa." Sio majigambo hayo. Nimesema nilichokiona na nimetaja mipaka yake.

Tazama ua maarufu la Usambara. Mwaka 1893 Mjerumani Hermann Wendland alitangaza kuwa ni jenasi mpya, akaiita Saintpaulia. Hakuzungukazunguka. Mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa vinasaba, watafiti wakaiingiza ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Je, Wendland aliaibika? Hata kidogo. Dai lake lilikuwa wazi, ndiyo maana liliweza kupimwa na kurekebishwa. Dai lililojificha nyuma ya "huenda" nne nani atalipinga? Na nani atalitumia?

Sasa fungua rasimu yako, hesabu "huenda" zako. Yenye sababu iache, na sababu uiandike. Zilizobaki ni woga tu. Zifute.