Chumvi na Kutanuka kwa Maji

Chupa mbili zinazofanana, moja ya maji matupu na nyingine ya maji ya bahari, zikizibwa kwa vizibo vyenye mirija myembamba na kuwekwa katika beseni moja la maji ya moto, maji ya bahari hupanda juu zaidi mrijani. Kwa nini?

Molekuli za maji matupu hushikana kwa mpangilio wenye nafasi nyingi wazi. Joto likiongezeka, mpangilio huo huvunjika, nafasi hujazwa, na kutanuka hupungua. Ioni za chumvi iliyoyeyuka huwa zimekwisha kuzivuta molekuli na kuzisonga. Kwa hiyo maji ya bahari ni magumu zaidi kugandamizwa, lakini hutanuka zaidi.

Lita 1,000 zikipashwa joto kutoka nyuzi 20 hadi 21 za Sentigredi, maji matupu huongezeka takriban lita 0.21, ya bahari lita 0.26. Jambo hili si dogo: kati ya 1971 na 2018, karibu nusu ya kupanda kwa usawa wa bahari duniani kulitokana na kutanuka kwa maji yenyewe. Kinachopimwa mrijani ndicho kinachoisogeza bahari kuelekea makazi ya watu.