Miaka Mitatu Mikononi mwa Mzazi

Ndugu msomaji, mtoto wa kike hakui mbele ya macho ya baba yake. Hukua baba akiwa kazini. Mfanyakazi huondoka nyumbani alfajiri, hurudi usiku, na katikati ya kuondoka na kurudi huko miaka hupita. Kisha huja siku ya mapumziko akamtazama yule aliyekuwa akimbeba begani, akamwona amekaribia kuwa sawa naye kwa kimo, na sauti yake imetulia. Hapo moyo wa mzazi hupata mambo mawili kwa pamoja: furaha na hofu. Furaha haihitaji makala. Leo yafaa tuizungumze hofu.

Ninaye binti wa miaka 14, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hapa Bagamoyo. Kazi yangu iko Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 70 hivi, kwa hiyo kukua kwake nimekuona kwa vipande vipande. Zamani alinishika kidole tukienda pwani kungoja ngalawa zirudi na samaki. Sasa hutembea nyuma pamoja na shangazi yake, na mazungumzo yao hukoma nikigeuka. Zamani bibi yake alimsimulia hadithi. Sasa yeye ndiye amsomeaye bibi gazeti. Haya ni mambo madogo, wala si mageni kwa mzazi yeyote. Lililonishtua ni swali aliloniuliza jioni moja, baada ya kufundishwa shuleni habari za sheria za nchi: "Baba, kwa nini mvulana haozwi mpaka atimize miaka 18, na msichana 15 yamtosha? Miaka yetu mitatu imekwenda wapi?"

Swali la namna hiyo halijibiwi kwa maneno ya juu juu. Nimeona bora nilijibu hapa, mbele ya wazazi wenzangu, kwa kuwa mabinti wengi wanalo mioyoni ijapokuwa hawajalitamka.

Kwanza tuwatendee haki wazee wetu. Katika pwani hii, tangu Bunju na Mapinga hata Kaole na Bagamoyo, Wazaramo, Wakwere na Wadoe walijua kwamba kati ya utoto na utu uzima pana mto mpana, na binti havuki peke yake. Alipovunja ungo aliitwa mwali, akawekwa ndani, akapewa kungwi wa kumfunza. Alikabidhiwa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti, aitunze kama mtu atunzavyo mtoto. Alikaa ndani miezi, na zamani za kale hata miaka, kisha akatolewa kwa ngoma na shangwe. Marja-Liisa Swantz, mtaalamu kutoka Ufini aliyeishi Bunju katika miaka ya 1960, aliziandika mila za Wazaramo kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1970. Azichunguzaye mila hizo ataona ndani yake mambo mawili ya maana: binti alipewa muda, na alipewa mwalimu.

Lakini ilikuwako kasoro, na si heshima kwa wazee kuificha. Mlango wa kumtolea mwali ulikuwa mmoja tu, nao ulielekea nyumba ya mume. Hekima yote ile ilimtayarisha kuwa mke. Haikumuuliza kama ana jambo jingine la kuwafaa watu.

Tazama maisha ya Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma miaka michache, akawekwa ndani alipobaleghe, akaozwa akiwa na miaka 14 hivi kwa mtu aliyemzidi sana umri. Ndoa ile haikudumu. Naye ndiye yule aliyekuja kuwa mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na mwaka 1955 akashika uongozi wa sehemu ya wanawake ya TANU, akawaingiza wanawake kwa maelfu katika harakati za Uhuru. Wako watakaosema: mbona aliozwa mdogo, na bado akawa mtu mkubwa? Jibu ni kwamba alikuwa mkubwa licha ya kuozwa, wala si kwa sababu ya kuozwa. Tunamhesabu yeye mmoja aliyepenya. Wale ambao sauti zao zilikoma nyuma ya mlango hatuwezi kuwahesabu, maana hatukuwasikia kamwe.

Wazazi wa pwani vilevile walikuwa na desturi ya kumwachia binti maneno. Katika karne ya 19, huko kaskazini upande wa Pate na Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa mausia. Na hapa kwetu Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui karibu na Tanga, aliyefanya kazi ya ukarani wa forodha Pangani, alimtungia bintiye Mwanjaa Utenzi wa Hati. Wazazi hao wawili, mama na baba, walitofautiana kwa zama na kwa maisha, lakini waliamini jambo moja: binti ni mtu wa kuandikiwa, mwenye akili ya kupima maneno. Na wosia haumfai asiyepewa muda wa kuuelewa.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa hatua kubwa katika siku zake, maana ilikusanya chini ya paa moja ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali. Lakini kifungu chake cha 13 kiliweka umri wa mwanamume kuwa miaka 18 na wa mwanamke 15. Na kifungu cha 17 kikasema kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 atahitaji idhini ya baba yake. Baba akiwa amefariki, idhini ya mama. Wote wawili wakiwa wamefariki, idhini ya mlezi. Basi jibu la binti yangu ni hili: ile miaka mitatu haikupotea. Iliwekwa mikononi mwetu sisi wazazi. Sheria ilitupa kalamu, ikatuachia kuamua tutaitumia namna gani.

Amana hiyo ni nzito. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humwita mtoto kila mtu aliye chini ya miaka 18. Asiyetimiza umri huo hapigi kura, wala chama cha siasa hakimpi kadi ya uanachama. Je, yaingia akilini kwamba mtu tusiyemwamini kuchagua diwani tumwamini kubeba mimba, kulea mtoto na kuendesha nyumba? Mahakama nazo zilikwisha kuliona hilo. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo viwili vinakwenda kinyume cha Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ilikata rufani, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile. Mwaka uliotolewa ukapita bila vifungu hivyo kurekebishwa. Hayo yatufundisha kwamba mzazi asingoje Bunge limwambie lililo jema kwa mwanawe.

Wako watakaosema kwamba mwanafunzi analindwa tayari. Ni kweli. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikawa ni kosa kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Mwaka huohuo ada ilifutwa hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 ikafutwa hadi Kidato cha Sita. Lakini fikiri, ndugu: ni nani basi anayebaki chini ya ile kalamu ya baba? Ni binti aliyeshindwa mtihani wa Darasa la Saba. Ni yule aliyeacha shule kwa ugonjwa, au kwa umbali, au ili amlee mdogo wake. Huyo ndiye watu husema, "Hasomi, anangoja nini?" Kana kwamba miaka ya mtoto hupungua kwa kushindwa mtihani! Miaka 15 ya aliyefaulu na miaka 15 ya aliyeshindwa ni miaka ileile.

Na yuko mwingine, yule aliyepata mimba akiwa shuleni. Kwa miaka mingi msichana wa namna hiyo alifukuzwa, na mwezi Juni 2017, huko Chalinze katika mkoa wetu huu wa Pwani, Rais John Magufuli alitangaza kwamba hatarudi shuleni. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilibadili msimamo huo, ikaruhusu arudi baada ya kujifungua. Mlango wa shule ukafunguliwa tena. Lakini mlango wa shule haumfai binti ambaye mlango wa nyumbani umefungwa kwa aibu. Mzazi ndiye amshikaye mkono amrudishe darasani, na mzazi ndiye abakiye na mjukuu.

Twajua kinachowasukuma wazazi kufanya haraka. Ni umaskini, na ni hofu ya fedheha. Mshenga aja na maneno laini, mahari yatajwa, kilemba cha baba na mkaja wa mama vyahesabiwa, na nyumbani hamna unga. Lakini fedha ya mahari huisha kabla ya mwaka, na gharama yake hulipwa na mwili wa binti. Mtoto ambaye nyonga zake hazijapanuka hukwama katika uzazi. Uchungu ukikaa siku nyingi bila msaada hupasua njia kati ya kibofu na uke, akabaki akivuja mkojo bila kujizuia. Ugonjwa huo ni fistula, na hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, imewatibu wanawake wengi waliokwisha kutengwa na waume na jamaa kwa ajili yake. Uchunguzi wa afya wa taifa wa miaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa wasichana 27 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 22. Tumesogea, lakini hatujafika.

Wakulima wa nazi wanalielewa jambo hili kuliko sisi sote. Kidaka hakiwi nazi kwa siku moja. Huwa kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo nazi. Anayeangua dafu hupata maji ya kunywa mara moja tu. Hapati tui, hapati mafuta, wala hapati mbegu ya mnazi mwingine.

Basi twaweza kufanya nini? Binti asiyeendelea na sekondari apewe kazi ya kujifunza: cherehani, chuo cha ufundi, au kilimo cha mwani kama wanawake wa Mlingotini wafanyavyo. Kungwi na shangazi waendelee kumfunza, kwa maana mafunzo ya mwili na heshima yake hayajapitwa na wakati. Lakini yasiwe matarumbeta ya kutangaza kwamba yuko tayari kuolewa. Mikutano ya matawi na ya vyama vya wafanyakazi isizungumze mishahara na ada za uanachama tu. Izungumze pia mabinti wa mtaa walioacha shule, ni wangapi na wako wapi.

Nasi akina baba, tulio mbali na nyumba zetu kutwa nzima, tuikumbuke kalamu ile. Itakuja karatasi ya kuidhinisha ndoa, na itakuja ripoti ya muhula kutoka shuleni. Zote mbili hungoja sahihi ya mzazi. Tuiweke sahihi yetu kwenye ripoti, na ile karatasi nyingine tuiache mezani mpaka binti atimize miaka 18 na aseme mwenyewe alitakalo.