Uhuru Uliodaiwa Bomani

Historia ya utumwa tuliyosoma shuleni hutupeleka Bagamoyo na Unguja. Watu wa makazi ya Mishamo wanayo sehemu yake ndani ya Wilaya yao ya Tanganyika. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa ngome na Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe, ambao waliwakomboa watumwa kwa kuwanunua. Adrien Atiman alinunuliwa na mapadre hao akiwa mtoto, kule Afrika Kaskazini. Alisomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889, na hapo akatibu watu hadi uzee wake.

Ambaye hakupata wa kumlipia ilimbidi audai uhuru wake mwenyewe. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani haikuwahi kuufuta utumwa. Amri ya mwaka 1901 ilimruhusu mtumwa ajikomboe kwa fedha, bei akiipanga ofisa wa serikali, na ikamtaka bwana amwachie siku mbili kila juma ajifanyie kazi zake. Ajikomboe! Mtu aliyefanyishwa kazi bure alitakiwa alipe tena ili aachiwe. Shauri lilisikilizwa bomani, na aliyefaulu alitoka na hati ya uhuru. Mwamuzi alikuwa ofisa yule yule aliyesimamia kodi na wapagazi. Mwanamke aliyefika boma la Ujiji au Tabora kwa miguu, bila shahidi, alikabiliana na bwana ambaye pale bomani alikuwa mtu anayejulikana.

Unguja fedha zilipita njia nyingine. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 6, 1897 ilizizuia mahakama kutambua haki ya mtu kummiliki mwenzake, lakini mtumwa ilimpasa aende mahakamani kuomba. Akiachiwa, fidia alipewa bwana. Aliyeachiwa alitakiwa aonyeshe makao na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya haki hiyo hadi mwaka 1909.

Zaidi ya miaka 100 kabla, huko Massachusetts, Marekani, mtumwa Elizabeth Freeman alimwendea wakili Theodore Sedgwick akaitumia katiba mpya iliyotamka kwamba watu wote huzaliwa huru. Mwaka 1781 alishinda, na aliyeamriwa kulipa, shilingi 30, alikuwa mmiliki. Naiona hiyo ndiyo haki, ingawa kiasi chenyewe kilikuwa kidogo mno.

Uzito wa hati unaeleweka Mishamo. Makazi haya yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, na wengi walisubiri miaka hadi hati za uraia zilipoanza kutolewa mwaka 2014. Wao hawakuwa watumwa. Hata hivyo wanajua maisha ya mtu yanavyosimama akingoja karatasi yenye mhuri.

Sheria iliyoupiga marufuku utumwa Tanganyika nzima, bila kumtaka mtu ajinunue, ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Atiman alikuwa ametimiza miaka 33 Karema.